Mgogoro wa Vina Uingereza, 1602–1603: Campion, Daniel na Swali la Mtunga Sheria



Huenda mada yangu ikaonekana ngeni katika mfululizo wa mihadhara ya Kiswahili. Nitazungumzia vitabu viwili vidogo vilivyochapwa London mwaka 1602 na 1603. Vyote viwili viliandikwa na washairi, na vyote viwili vinauliza swali moja: je, ushairi wa Kiingereza uendelee kuwa na vina, au uviache?

Nimevichagua kwa sababu sisi tunaofundisha ushairi wa Kiswahili huitaja Ulaya mara nyingi bila ya kuichungulia. Katika mgogoro uliozuka hapa kwetu miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974, kila upande ulimwita Mzungu atoe ushahidi. Waliotetea vina walisema kwamba kuvitupa ni kuiga Wazungu. Waliovitupa walijibu kwamba ulimwengu umesonga mbele, nasi hatuna budi kusonga nao. Walipingana katika mengi, lakini walikubaliana katika jambo moja ambalo hakuna aliyelihoji: kwamba msimamo wa Wazungu kuhusu vina unajulikana, na kwamba ni mmoja.

Niruhusuni niungame kosa langu kabla sijaendelea. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha, mwanafunzi mmoja aliniletea shairi la beti sita. Ubeti wa nne ulipoteza kina cha kati. Nikaandika kwa wino mwekundu neno moja tu, "guni", nikampunguzia alama. Akaja ofisini, kwa adabu zote, akaniuliza: "Mwalimu, sheria hii aliitunga nani?" Nikamjibu: "Wazee." Akashukuru, akaondoka. Jibu lile lilikuwa fupi mno, na mhadhara wa leo ni sehemu ya deni ninalodaiwa na kijana yule.

Tabibu anayevikana vina

Kitabu cha kwanza ni cha Thomas Campion, aliyezaliwa mwaka 1567. Alisoma Cambridge, akaingia katika chuo cha wanasheria cha Gray's Inn asiifanye sheria kuwa kazi yake, na mwaka 1605 akapata shahada ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa. Alitunga mashairi kwa Kilatini na kwa Kiingereza. Zaidi ya hayo alikuwa mwanamuziki, mmoja wa wachache katika zama zile waliotunga maneno na sauti za nyimbo zao wenyewe. Tulikumbuke hilo, kwani tutalirejea.

Mwaka 1602 alichapisha *Observations in the Art of English Poesie*. Hoja yake ni kwamba vina ni desturi ya umma isiyo na usanii, iliyoingia Ulaya katika zama ambazo elimu ya Kiyunani na ya Kirumi ilikuwa imefifia. Warumi wakubwa, akina Virgil na Horace, hawakutia vina katika tungo zao. Walipima silabi kwa urefu na ufupi, wakazipanga katika mapigo maalumu. Kwa maoni ya Campion, vina humlazimisha mtunzi kuipinda maana. Anatumia kisa cha Kiyunani cha Procrustes, yule jambazi aliyewalaza wageni kitandani, mfupi akamvuta na mrefu akamkata miguu, ili wote walingane na kitanda chake. Mtunzi wa vina, asema, huyatendea mawazo yake vivyo hivyo.

Nani kati yetu hakikijui kitanda hicho? Tuna istilahi kamili kwa ajili yake. Tukikata neno ili litoshe, twasema tumefanya inkisari. Tukilivuta, twasema ni mazida. Tumeyapa matendo ya Procrustes majina ya heshima tukayaingiza katika vitabu vya kiada.

Campion hakuishia katika kulaumu. Alipendekeza aina nane za mizani ambazo, kwa hoja yake, Kiingereza kinaweza kuzipokea, akatunga mifano ya kila aina bila vina. Hapa tunapaswa kumtendea haki. Watu kadhaa kabla yake walikuwa wamejaribu kuvisha Kiingereza mavazi ya Kilatini, wakiwamo Sidney na Spenser katika miaka ya 1570 na 1580, na matokeo mara nyingi yalikuwa vichekesho, kwa sababu walijaribu kulazimisha hata heksameta ya Virgil. Campion aliikataa heksameta. Alichagua mapigo yaliyo karibu na mkazo wa asili wa maneno ya Kiingereza, na kama mwanamuziki alihesabu hata ule mtuo wa pumzi mwishoni mwa mshororo kuwa ni sehemu ya wakati wa shairi. Mfano wake mmoja, ule unaomsifu Laura, umeendelea kusomwa hadi leo, nao hauna kina hata kimoja. Wanaomwona Campion kuwa msomi aliyepumbazwa na Kilatini hawajalisikiliza shairi hilo.

Aliyetunukiwa kitabu hicho ni Thomas Sackville, aliyeshika hazina ya Malkia Elizabeth. Miaka arobaini hivi kabla yake, Sackville alishirikiana na Thomas Norton kuandika *Gorboduc*, tamthilia ya tanzia ya kwanza ya Kiingereza iliyotungwa kwa mishororo isiyo na vina. Kwa hiyo mwaka 1602 tungo zisizo na vina hazikuwa uzushi kwa Waingereza. Marlowe alikuwa amezitumia jukwaani, naye Shakespeare alikuwa akizitumia kila msimu. Alichokitaka Campion kilikuwa kikubwa zaidi: viondolewe vina hata katika ushairi wa kusomwa na wa kuimbwa, na viondolewe kwa hoja kwamba lugha yenye heshima zaidi haikuwa navyo.

Jibu la Daniel

Mwaka uliofuata alijibu Samuel Daniel. Huyu alizaliwa mwaka 1562, na jina lake lilijulikana tangu mwaka 1592 kwa soneti alizoziita *Delia*. Malkia Elizabeth alifariki tarehe 24 Machi 1603, na Daniel akachapisha utenzi wa kumkaribisha mfalme mpya, James wa Kwanza. Pamoja na utenzi huo ikatoka insha yake ya nathari, *A Defence of Ryme*.

Daniel anaanza kwa upole wenye sindano ndani yake. Anakiri kwamba mpinzani wake ni mtu mwenye sifa njema, kisha anawakumbusha wasomaji kwamba sifa hizo alizipata kwa tungo zenye vina. Na kweli. Mwaka mmoja kabla ya kuvishambulia vina, Campion alikuwa ametoa kitabu cha nyimbo pamoja na rafiki yake Philip Rosseter. Katika sehemu yake mlikuwa na nyimbo 21, na zote zilikuwa na vina isipokuwa mmoja.

Kisha Daniel anaingia katika kiini. Anauliza ni nani aliyewapa Wayunani na Warumi mamlaka ya kuzitungia sheria lugha zote za dunia. Hoja yake imesimama juu ya nguzo mbili, desturi na maumbile. Kila lugha ina mwendo wake. Sikio la wenye lugha limefunzwa na mwendo huo. Na kile ambacho vizazi vimekipokea kwa furaha hakiwi kosa kwa sababu tu hakimo katika vitabu vya watu wengine. Anatoa mfano wa China: je, dola ile tuiite ya kishenzi kwa kuwa haijapata kusikia majina ya mapigo ya Kiyunani? Hii ni kauli ya kushangaza katika zama ambazo msomi wa Ulaya alipimwa kwa Kilatini chake.

Tena kuna sehemu moja ambayo kila ninapoifikia husimama. Daniel anataka kuthibitisha kwamba vina si ugonjwa wa Ulaya iliyosahau elimu, bali ni mali ya binadamu wengi. Anawataja Waturuki, Warusi, Wapoli na Wahungari. Kisha anasema kwamba lugha ya Kiarabu, pamoja na ile ya Waslavi, imevieneza vina katika sehemu kubwa ya Asia na ya Afrika. Naam, Afrika. Mwaka 1603, katika ugomvi wa Waingereza wawili juu ya Kiingereza, mmoja wao aliiita Afrika itoe ushahidi, na aliiita upande wa vina.

Sidai kwamba Daniel aliwajua Waswahili. Hakuna dalili ya hilo, na tendi zetu kongwe zenye tarehe zimeandikwa baadaye. *Utenzi wa Tambuka* unanasibishwa na mwaka 1728. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mtu anayesema kwamba kutupa vina ni "Uzungu" na kuvishika ni "Uafrika" atashangaa akimsoma Daniel, na atashangaa zaidi akimsoma Campion, ambaye kwake vina ndivyo vilivyokuwa ushamba wa Ulaya. Kwa Campion, kuacha vina kulikuwa kurejea kwa wazee, wazee wa Roma. Kwa Daniel, kushika vina kulikuwa kushika desturi ya watu wake mwenyewe. Neno "wazee", nililomjibia mwanafunzi wangu, lilitumika London kwa pande zote mbili.

Zaidi ya hapo, Daniel alipozichungua zile aina nane akaona kwamba nyingi si ngeni. Mshororo mkuu wa Campion, asema, ni ule ule mshororo wa silabi kumi ambao Waingereza wamekuwa wakiutumia siku zote; ulichopata ni jina la Kiyunani tu. Nadhani hapa Daniel alishinda. Msomi akichukua kilicho ndani ya lugha, akakibandika jina la kigeni, kisha akakirudisha kwa wenye lugha kama zawadi, wenye lugha wana haki ya kucheka.

Jambo kama hili halikutokea Uingereza peke yake. Ufaransa, Baïf na wenzake walikuwa wameunda akademia mwaka 1570 ili waunganishe ushairi wa silabi ndefu na fupi pamoja na muziki, haukudumu. Ujerumani, Martin Opitz alitoa kitabu chake cha ushairi wa Kijerumani mwaka 1624, akaamua kwamba mizani ya Kijerumani isimame juu ya mkazo wa maneno, si juu ya urefu wa silabi kama Kilatini, na vina akavibakisha. Uamuzi wake ndio ulioongoza washairi wa Kijerumani kwa muda mrefu.

Kina ni nini, na kwa sikio la nani?

Hadi hapa nimelitumia neno "vina" kana kwamba Mwingereza na Mswahili wanazungumzia kitu kimoja. Sivyo, na hapa ndipo penye faida kubwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Kwetu, "kata" na "leta" yana kina kimoja, *-ta*. Silabi ya mwisho imelingana, yatosha. Kwa Mwingereza wa zama za Daniel, maneno hayo hayana kina hata kidogo. Yeye huanza kusikiliza penye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Kwake "kata" hulingana na "pata", si na "leta". Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina chetu huangukia silabi isiyo na mkazo. Kina cha Kiingereza, kile cha kawaida, huangukia penye mkazo na kuufunga mshororo kama nyundo. Kina chetu huufunga kama wimbi linapofika ufukoni.

Kuna na suala la wingi. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano. Sarufi yenyewe hutuletea *-a* katika vitenzi visivyo na hesabu. Ndiyo maana mtunzi wa utenzi huweza kubakisha kina kimoja katika kituo cha kila ubeti, mamia kwa mamia, bila ya kuishiwa. Mwingereza hawezi. Maneno yake huishia kwa konsonanti za kila namna, na mengi hayana wenzao. Soneti za Shakespeare, 154 kwa jumla, zilizochapishwa na Thomas Thorpe mwaka 1609, hutumia kwa kawaida vina saba katika mishororo kumi na minne, na kila kina hutumika mara mbili tu. Kwa mtu aliyelelewa na tendi, huo ni ubadhirifu. Kwa lugha ile ni lazima. Malalamiko ya Campion juu ya kitanda cha Procrustes yalikuwa na uzito kwa Kiingereza ambao hayawezi kuwa nao kwa Kiswahili. Kitanda chetu kinabana mahali pengine, katika vina vya kati na katika kuzigawa mizani kumi na sita nane kwa nane.

Nimezitaja soneti hizo, basi niongeze kwamba hata kitabu hicho ambacho tunakitolea mfano wa umbo lisilobadilika kina uasi ndani yake. Soneti ya 99 ina mishororo kumi na mitano. Ya 126 ina kumi na miwili, na yote imefungwa viwili viwili. Ya 145 imepunguza silabi za mshororo kutoka kumi hadi nane. Kwa kalamu yangu nyekundu ya siku zile, soneti hizo tatu zingepata alama gani?

Tuje kwenye mizani. Washairi wa Kiswahili walikuwa na lugha tukufu jirani yao, kama Waingereza walivyokuwa na Kilatini. Kiarabu kina arudhi iliyopangwa na al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, na arudhi hiyo husimama juu ya silabi ndefu na fupi. Wengi wa wanazuoni wa Pate na Lamu waliisoma. Wangeweza kufanya alivyofanya Campion, kuibebesha lugha yao kipimo kisicho chake. Hawakufanya hivyo. Kiswahili hakitofautishi silabi ndefu na fupi; "kaa" kwetu ni mizani mbili zilizofuatana, si moja iliyovutwa. Basi wakahesabu. Jina la arudhi tunalo, kipimo chenyewe ni hesabu ya silabi. Kuhusu asili ya vina na bahari zetu wataalamu wamebishana, naye Ibrahim Noor Shariff katika *Tungo Zetu* mwaka 1988 alitetea kwa nguvu uasili wake. Ubishi huo siuingii leo. Lakini katika hili la mizani, watunzi wetu walifanya kwa ukimya kile ambacho Daniel alihitaji insha nzima kukitetea.

Ndiyo maana sipendi tunapokisoma kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi*, kana kwamba kiliteremka bila mtunzi. Sheikh Amri alikusanya desturi aliyoikuta, akaieleza kwa ustadi, na msingi wake ulikuwa uimbaji: lisiloimbika, kwake, halikustahili jina la shairi. Hoja hiyo ni ya sikio, na mtu aweza kujadiliana nayo. Campion, mtunzi wa nyimbo, angemwelewa mara moja.

Duka la Blount

Nimalizie na muuza vitabu. Insha ya Daniel ya mwaka 1603 ilichapwa kwa ajili ya Edward Blount wa London. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1623, Blount huyo huyo alishirikiana na Isaac Jaggard kutoa mkusanyo mkubwa wa tamthilia za Shakespeare, ambao ndani yake tamthilia 18 zilipata chapa kwa mara ya kwanza. Mojawapo ni *Julius Caesar*. Kutoka kwa kitabu hicho kuna njia iliyonyooka hadi Dar es Salaam ya mwaka 1963, pale Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*.

Nyerere aliitafsiri kwa mishororo isiyo na vina, kama ilivyo asili yake. Akafanya vivyo hivyo katika *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Kwa hiyo, miaka kumi na mmoja kabla ya *Kichomi*, wasomaji wa Kiswahili walikuwa tayari na kitabu kizima cha mishororo iliyopangwa kishairi bila kina, kilichoandikwa na mkuu wa nchi. Sijaona kwamba kililetewa mgogoro wowote uliofanana na ule uliomkuta Kezilahabi. Labda kwa sababu kiliitwa tamthilia. Labda kwa heshima ya mwandishi. Ningependa mmoja wenu, hasa ninyi mnaotafuta mada za tasnifu, aifanyie kazi tofauti hiyo.

Na Nyerere hakubaki huko. Mwaka 1996 zilichapwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume, zenye vina na mizani kamili. Alivua alipotafsiri tamthilia ya Kiingereza, akavaa alipotunga utenzi.

Mahasimu wetu wa London nao walifanya mambo ya aina hiyo. Daniel, kabla hajaifunga insha yake ya kuvitetea vina, anakiri kwamba mfululizo mrefu wa mishororo iliyofungwa viwili viwili humchosha masikio, na kwamba tanzia huenda ikafaa zaidi bila vina. Campion, kwa upande wake, hakujibu. Aliendelea na utabibu, akaendelea na zeze lake, na kuanzia mwaka 1613 hivi akatoa vitabu vingine vinne vya nyimbo. Nyimbo hizo ni miongoni mwa zilizo tamu kuliko zote za karne ile, na zina vina.

Nipo tayari kwa maswali, na yule aliyeniuliza swali la kwanza miaka mingi iliyopita, kama yumo ukumbini, naomba aanze yeye.